Picha ya Saa Kabla Haijavuka Lwakhakha

Mimi nashika watu videvu. Ndiyo kazi yangu. Mtu akikaa kwenye kiti cha studio yangu pale Kitale, awe mwalimu, awe polisi, awe bibi harusi aliyepakwa poda mpaka shingoni, lazima atainamisha kichwa kama aliyedondosha shilingi, nami lazima nimwendee, nimwinue kidevu kwa vidole viwili, nimgeuze kidogo kuelekea dirishani, kisha nirudi nyuma nibonyeze. Siombi ruhusa. Ukimwomba mtu ruhusa ya kumshika kidevu anakakamaa, na picha ya mtu aliyekakamaa haifai hata kubandikwa kwenye kitambulisho.

Nayasema haya mapema ili utakapofika kwenye lile kosa lenyewe ujue kwamba halikutokana na ukosefu wa adabu. Nililelewa vizuri. Lilitokana na mazoea, na mazoea yana taabu.

Jina langu ni Linah. Nilizaliwa upande wa Suam, juu huko kwenye baridi, nikaolewa na Makokha, mtu wa Kibabii karibu na mji wa Bungoma, karani wa serikali hapa Kitale. Watu wa kwao wananiita Mama Nasambu, kwa sababu binti yetu alipewa jina la marehemu mama yake baba mkwe. Sikupata shida ya kukubaliwa. Mama mkwe wangu, Nekoye, alinifundisha kupika mboga zao kwa munyu, ile chumvi ya majivu, na nilipoziunguza alizila bila kunung'unika. Lakini kulikuwa na somo moja ambalo hakuna aliyenifundisha polepole, na hilo ni la ukwe.

Kwetu pia tunaheshimu wakwe, nani asiyeheshimu? Ila kule Kibabii, kwa familia ile, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawashikani mikono, hawakai meza moja, wala hawatazamani machoni. Akiwa sebuleni, wewe uko jikoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Mzee Wepukhulu, baba mkwe wangu, alikuwa mwungwana wa kukohoa: kabla hajakunja kona ya nyumba alikohoa kwa nguvu, ili nipate nafasi ya kujiondoa bila kukurupuka. Akitaka kuniambia jambo alimwambia mtu mwingine, nami nimesimama palepale nasikia. "Mwambieni Mama Nasambu chai ilikuwa nzuri." Nami namjibu huyohuyo wa katikati, "Mwambie baba nashukuru." Tuliishi hivyo miaka, na mimi mtu wa hasira za karibu nilikuwa nikirudi Kitale natamani kumshika kidevu mtu yeyote, mradi niongee naye uso kwa uso.

Sasa sikiliza deni langu kwa mzee huyo, kwa maana bila hilo hutaelewa kwa nini kosa lile liliniuma vile.

Nilipofungua studio, maneno yalianza. Yalifika Kibabii kabla sijapaka rangi ukuta. Krismasi ya mwaka huo tulikwenda nyumbani, wakajaa ndugu sebuleni, na senge Phelista, dada yake Mzee Wepukhulu, akayamwaga yote mezani. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali.

"Ati mke wa Makokha anashika wanaume kidevu huko Kitale," alisema. "Wanaume wa watu! Si hiyo ni aibu? Makokha, wewe unakula tu hiyo pesa ya kidevu?"

Makokha, Mungu ambariki, alikohoa tu kama baba yake. Mwiko ukasimama mkononi mwangu. Nilijua wakisema niache, nitaacha, kwa sababu ukoo ukishasema umesema. Ndipo nikamsikia mzee, mtu ambaye kwa kawaida huongea chini chini mpaka umsogelee, akisema kwa sauti iliyofika hadi jikoni na zizini:

"Kinyozi anashika kichwa. Daktari anashika tumbo. Fundi wa nguo anapima mpaka kiunoni. Huyu anashika kidevu. Kazi ni kazi. Mwacheni."

Basi. Hakuna aliyerudia hadithi ile tena. Nilitaka kutoka jikoni nikapige magoti mbele yake. Lakini utamshukuruje mtu usiyeruhusiwa kumwambia neno? Ningemtuma mama Nekoye, ndiyo, lakini shukrani kubwa ikipitia mdomo wa mtu mwingine hufika imepoa. Nikaimeza. Kila picha niliyopiga baada ya siku ile ilikuwa na kipande cha ile shukrani ndani yake, na yeye hajui.

Mwaka wa 2003, mwezi wa saba, Makokha alirudi kutoka nyumbani na habari kwamba saa inaondoka.

Kila mtu wa Kibabii aliijua saa ile. Ilikuwa saa ya mfukoni, ya fedha, yenye mnyororo na kifuniko, na nambari zake ni zile za Kirumi. Baba yake Mzee Wepukhulu alikuwa nyapara wa vibarua wa reli enzi reli inapitishwa Bungoma kwenda Uganda, na kazi ilipokwisha mhandisi alimpa saa hiyo mkononi mbele ya vibarua wote. Alipokufa ikaenda kwa mwanawe mkubwa, kama inavyotakiwa. Huyo mwana mkubwa alikuwa amehamia ng'ambo, upande wa Uganda, karibu na Lwakhakha. Akaugua ugonjwa uliomwua, na mtoto wake wa kiume, Wakhungu, alikuwa bado ananyonya. Akamwita mdogo wake Wepukhulu akamwambia, nishikie hii mpaka mtoto awe na nyumba yake. Wepukhulu akaapa kwamba haitatoka kwenye mnyororo wake mpaka iingie mkononi mwa Wakhungu.

Na alitimiza kiapo. Aliivaa kwenye kizibao chake kila siku, shambani, kanisani, hospitalini. Kila asubuhi baada ya chai aliitia ufunguo akaisikiliza. Sasa Wakhungu alikuwa amejenga nyumba ya mabati na ameoa. Hakuna aliyekuja kudai kitu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuma mtu avuke mpaka kumwita. Jumamosi angekuja na wazee wawili kuichukua.

"Baba anataka picha," Makokha aliniambia huku akivua viatu. "Kabla haijaenda. Anasema saa ikishavuka, yeye hana kitu cha kuonyesha wajukuu."

"Bungoma kuna wapiga picha," nilisema, nikijua naongea upuuzi.

"Nilimwambia hivyo. Akasema, kwa nini nitafute mpiga picha na ninaye nyumbani?"

Nilimwambia ayaseme tena maneno hayo, akayasema, na nikaingia chumbani nikajifanya natafuta kitu sandukuni. Ninaye nyumbani. Hapo ndipo nilipoona njia ya kulipa deni langu: nitampigia picha ya saa ile, picha ambayo hata mhandisi wa reli angesimama kuitazama, na hiyo ndiyo itakuwa ahsante yangu, bila mdomo wa mtu yeyote katikati.

Ijumaa mchana tulikuwa Kibabii. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mawingu yalikuwa yakicheza na jua, mara linatoka, mara limefichwa. Nikaweka kiti uani, mbele ya ukuta wa nyumba kubwa, na kamera juu ya miguu yake mitatu. Nilikuwa nimepanga kuiweka saa kwenye kitambaa cheusi juu ya meza, niipige kwa utulivu wangu, mzee akiwa mbali. Akatuma neno kupitia kwa Makokha: saa haitoki kwenye mnyororo. Kiapo ni kiapo, mpaka kesho.

Hapo mambo yakawa magumu. Lenzi yangu, ili nambari zionekane vizuri, inataka kusogea karibu shubiri mbili tatu. Na saa iko kifuani mwa mzee. Na mzee ni baba mkwe wangu. Nikamwambia Makokha apige yeye. Mama Nekoye akacheka mpaka akashika mlango, kwa sababu Makokha alitupiga picha siku ya ubatizo wa Nasambu na wote tulitoka bila vichwa.

"Wewe piga," mama Nekoye aliniambia. "Lakini jifunike leso. Ukimwona kupitia kwa hiyo kioo ya kamera, hiyo si macho yako. Hiyo ni macho ya kamera."

Senge Phelista, aliyekuja kuhakikisha mambo yanakwenda sawa, alifikiri kidogo akasema hiyo inakubalika. Basi nikajifunika leso kichwani mpaka kiunoni, lenzi tu ikachungulia nje, nikainama nyuma ya kamera kama mzimu wa harusi. Mzee akakohoa, akaja, akakaa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia saa yake ikigonga.

Nakwambia ukweli, ilikuwa saa nzuri. Aliishika kwa vidole vyake vikubwa vya mkulima, juu kidogo ya kifua, kifuniko kimefunguliwa, na kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kupitia lenzi niliona kuanzia kifuani mwake hadi mdomoni. Mahali pa kutosha. Ila alikuwa akiiangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa anaiangalia saa yake kwa mara za mwisho, na kivuli cha kidevu kilianguka moja kwa moja juu ya kioo, nambari zote zikazama gizani.

"Makokha," nilisema kutoka ndani ya leso, "mwambie baba ainue kidevu."

"Baba, inua kidevu."

Akainua. Nikabonyeza, lakini jua likawa limeingia mawinguni. Likatoka; kidevu kikawa kimeshuka tena. "Mwambie baba." "Baba, inua." Akainua, akashusha. Hakuwa mkaidi. Macho yake yalivutwa tu na ile saa. Nikapiga nne, tano, sita, na kila moja nilijua ni giza tupu. Nikampa Makokha waya wa kubonyezea kamera kwa mbali, ili mimi niangalie kivuli tu.

"Ukiniona nimetoa kichwa, bonyeza."

"Kichwa gani?"

"Changu!"

Halafu jua likatoka vizuri. Si la kuchungulia, lilitoka lote, likapiga ukuta mweupe na kurudi usoni mwa mzee, nuru ambayo mpiga picha huipata mara chache na huilipia kwa kusubiri. Wingu lingine lilikuwa linakuja, nimeliona. Na kidevu kimeshuka. Damu ikanipanda. Nilitupa leso, nikapiga hatua moja, nikamshika mteja wangu kidevu kwa vidole viwili na kukiinua.

Mteja wangu. Ndivyo mkono wangu ulivyodhani.

Makokha alipoona mkono wa mkewe kidevuni mwa baba yake alishtuka, na katika kushtuka akabana waya. Kamera ikalia. Kisha hakuna kilicholia tena uani pale isipokuwa saa.

"Uwi!" mama Nekoye alisema, mkono mdomoni.

Niliuondoa mkono. Sikujua niuweke wapi, nikauficha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Mzee alikifunga kifuniko cha saa, akairudisha mfukoni, akainuka, akaingia nyumbani. Wingu likafika na uani pakawa baridi.

"Mbele ya watu!" alisema senge Phelista. "Mama Nasambu, kidevu ya baba mkwe wako! Hii si mambo ya kuchekelea. Hii lazima itengenezwe. Kitu itoke ya kusafisha hii aibu."

"Kitu gani, senge?" Makokha aliuliza.

"Mzee ndiye atasema."

Lakini mzee hakusema. Jioni ile hakusema, na asubuhi yake hakusema. Nililala nikijilaumu na kujitetea kwa zamu. Mkono uleule aliousimamia mbele ya ukoo mzima ndio niliokwenda kumwaibisha nao, nikitaka kumshukuru. Na picha sikupata. Nani angemrudisha kwenye kiti baada ya hayo?

Jumamosi Wakhungu alivuka na wazee wake. Kijana mrefu, mpole, muuzaji wa mbegu, aliyevaa koti la kuazima kwa heshima ya siku hiyo. Nilitazama kutoka mlango wa jikoni, sufuria mkononi. Mzee Wepukhulu alisimama, akafungua mnyororo kwenye kifungo cha kizibao, na ilimchukua muda, kwa kuwa kile kifungo na ule mnyororo vilikuwa vimezoeana. Kisha akaiweka saa kwenye mikono miwili ya Wakhungu.

"Baba yako alinipa ikiwa inatembea," alisema. "Inatembea. Mimi nashukuru Mungu, nashukuru baba yako. Alikuwa na marafiki wengi, akaniamini mimi."

Wakhungu alilia waziwazi. Akasema baba mdogo, kama ungekaa nayo hakuna ambaye angekuuliza. Mzee akamjibu kwamba angejiuliza mwenyewe. Wakala, wakaomba, wakaondoka kabla ya mvua. Mchana wote uliobaki nilikuwa nikiona mkono wa mzee ukipanda kwenye mfuko wa kizibao, unaingia, haukuti kitu, unashuka. Alifanya hivyo mezani, alifanya hivyo akiwaaga wageni. Kila mara nilihisi kichomi, kwa sababu kitu pekee ambacho kingeupoza mkono ule kilikuwa kwenye kamera yangu, na nilikuwa nimekiharibu.

Jumatatu nilipeleka filamu kuoshwa. Anayeosha picha pale Kitale ni Kimaiyo, mtu asiye na siri wala staha.

"Sista, hizi sita za kwanza ni giza," alisema akinimwagia bahasha mezani. "Hii moja saa imetoka fiti sana, lakini kuna mkono ya mtu imeingia. Ni nani huyo mjinga?"

"Nipe," nilisema.

Nilisimama nayo mlangoni kwenye mwanga. Saa ilikuwa imetoka jinsi nilivyoiota. Kila nambari ilisimama peke yake, mishale miwili, na ule mshale mdogo wa sekunde kwenye duara lake dogo, na mnyororo ukiteremka kwenye sufu ya kizibao. Vidole vikubwa vya mzee vimeishika. Juu yake kidevu chenye mvi za siku mbili, kimeinuka kwenye nuru, na chini ya kidevu vidole vyangu viwili, na saa yangu ndogo ya plastiki kwenye kifundo cha mkono. Picha iliishia juu ya mdomo wa mzee. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja.

Nilimwonyesha Makokha usiku huo. "Baba anacheka," nilisema.

"Baba amekasirika," alisema. "Mimi namjua. Akikasirika mdomo unaenda hivyo."

"Akicheka unaendaje?"

Akafikiri. "Pia hivyo."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na kama kawaida mimi niliyeanza na uhakika ndiye niliyemaliza na woga. Nikarudi kwa Kimaiyo nikamwambia akuze saa peke yake, akate kidevu, akate mkono, akate kila kitu. Akakuza, nikaitia kwenye fremu ya mbao yenye kioo. Saa tupu, safi, ya kutundikwa hata benki. Ile nzima niliitia kwenye bahasha, na bahasha nikaitia chini kabisa ya kikapu, chini ya mkate. Usiniulize kwa nini niliibeba. Nadhani sikuweza kuiacha Kitale peke yake.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa Kibabii. Mimi jikoni, mlango wazi. Makokha akapeleka fremu sebuleni. Mama Nekoye, senge Phelista na mzee walikuwa huko. Nilisikia karatasi ikichanika.

"Mwambieni Mama Nasambu picha imetoka vizuri," alisema mzee.

"Mwambie baba nashukuru," nilimjibu mama Nekoye aliyekuwa amesimama mlangoni, na moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake.

"Lakini hii ni saa ya Wakhungu," mzee aliendelea.

Hakuna aliyemwelewa. Akafafanua taratibu, bila hasira. Saa ikiwa peke yake hivi, alisema, ni ya yeyote aliyenayo, na Wakhungu akitaka anaweza kuipiga picha kama hii kesho, na kesho kutwa. "Mimi nilitaka ikiwa kwangu. Ikiwa kwa hii nyumba. Sasa mimi niko wapi hapa? Kidole yangu moja tu iko hapa kwa pembe."

"Baba," alisema Makokha, "ilibidi tukate kidogo."

"Mlikata nini?"

Makokha akageuka kutazama mlango wa jikoni. Ndugu msomaji, kuna wakati mtu huchoka kuogopa. Nikatoa mkate, nikatoa bahasha, nikaenda mlangoni nikamnyooshea mama Nekoye aipeleke. Mama Nekoye akaipokea.

"Hapana," alisema mzee. "Alete mwenyewe."

Senge Phelista akavuta pumzi. Niliingia sebuleni nikitazama sakafu, nikaiweka picha juu ya meza mbele yake, nikataka kurudi.

"Ngoja."

Nikangoja. Aliitazama muda mrefu. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu: mzee alikuwa akicheka, kicheko cha tumboni, mabega yanapanda na kushuka.

"Makokha," alisema, "hiyo siku nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu senge yako alikuwa ameshika kiuno. Nikaingia ndani nikacheka huko peke yangu. Niliona huyu msichana ametupa leso kama mtu anaenda vitani. Kwa sababu ya saa ya baba yangu! Hata mimi mwenyewe sikupigania hiyo saa hivyo."

"Wepukhulu," alisema senge Phelista, "mkono ya mke wa mtoto iko kwa kidevu yako, na utaiweka kwa ukuta?"

"Mkono ulifika mbele ya watu wote na sikufa. Wewe unataka itengenezwe, na ni haki yako, ndiyo mila. Nimekaa kimya wiki hii nikitafuta kitu ya kutoa. Nekoye, shika yule kuku mweupe anataga, mpe Mama Nasambu. Kutoka leo huyu haingii kwenye mahindi akiniona."

Kwa familia ile, baba mkwe akimpa mke wa mtoto kitu mbele ya watu, mwiko wa ukwe umeondoka. Kuku ametolewa, mila imetimia, senge Phelista angesema nini? Akasema angalau awe yule mkubwa. Mama Nekoye alikuwa tayari uani anamkimbiza.

Nikainua macho. Kwa mara ya kwanza nilimtazama baba mkwe wangu usoni bila kioo katikati. Alikuwa na macho ya Makokha, yaani ya mtu mwema asiyejua kupiga picha. Na yale niliyoyameza miaka yote yakapanda yenyewe.

"Baba, ahsante," nilisema. "Si ya kuku. Ile Krismasi, ya studio. Ulivyosema kazi ni kazi."

"Si nilijua uko jikoni," alisema. "Unafikiri nilipaza sauti kwa sababu ya Phelista? Phelista alikuwa amekaa hapa karibu na mimi."

Nililia, bana. Sina haja ya kuficha. Nililia hapo sebuleni mbele ya meza, na kuku anapiga kelele uani, na Makokha hajui amshike nani. Mzee alisubiri nimalize. Kisha akamwambia Makokha atoe ile saa tupu kwenye fremu aitie hii nzima, na ile tupu wakampelekea Wakhungu ng'ambo, ambaye nasikia ameifurahia sana.

Ile nzima iko sebuleni Kibabii mpaka leo, juu ya redio. Mzee huwaonyesha wageni wote, awe mchungaji, awe chifu, awe mwanafunzi aliyekuja kuomba maji. Anawaambia hii ndiyo saa ya baba yangu, nilishikishwa nikairudisha inatembea. Hiki ni kidevu changu. Na mgeni akiuliza huo mkono ni wa nani, hasemi ni wa mke wa Makokha. Anasema ni wa binti yake.